Komeo la Ndani na Kufuli la Nje: Historia ya Kufunga Nyumba katika Uru

Kiswahili hutenganisha vifaa viwili ambavyo wanahistoria wa kufuli huelekea kuvichanganya. Komeo, jina lililozaliwa na kitenzi komea, ni kipande cha mti au chuma kinachosukumwa nyuma ya mlango na mtu aliyemo ndani, ilhali kufuli, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kifaa kinachojitegemea, ambacho mtu aliye nje hukipitisha katika pete au mnyororo, akakifunga, akaenda zake na ufunguo. Kitasa, yaani kufuli lililopachikwa katika ubao wa mlango, huweza kufungwa kutoka pande zote mbili. Makala hii inadai kwamba komeo ni la nyumba yenye watu na kufuli ni la nyumba tupu, na kwamba kuenea kwa kufuli katika Uru, kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, ni historia ya nyumba zilizoanza kuachwa peke yake kuliko historia ya maendeleo ya ufundi.

Dai hilo halipatani na mtazamo wa Jenerali Pitt-Rivers, mwanaakiolojia Mwingereza ambaye mwaka 1883 alichapisha mjini London utafiti kuhusu kufuli na funguo za kale, akizipanga kuanzia komeo la kawaida hadi kufuli lenye pini na kufuatilia safari yake katika njia za biashara. Kuhusu ufundi wenyewe hoja yake ina uzito. Kufuli la mbao la Khorsabad, katika Iraki ya leo, lilikuwa na pini zilizodondokea katika matundu ya komeo na kulizuia lisisogee, mpaka ufunguo wenye meno uziinue, na kanuni hiyohiyo ndiyo aliyoipatia hataza Linus Yale Mdogo nchini Marekani mwaka 1861, safari hii kwa chuma na kwa ufunguo mdogo unaoingia mfukoni. Pwani ya Afrika Mashariki nayo inaafiki, kwa kuwa milango ya nakshi ya Unguja ilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na makasha yenye misumari ya shaba yalitiwa kufuli kulinda vito, hati na nguo za thamani.

Mpango huo wa ngazi, hata hivyo, unakwama Uchaggani, nchi ya Wachagga ambayo Uru ni sehemu yake. Wahunzi wa Kichagga, waliotumia chuma kilichoyeyushwa Ugweno, walifua mikuki, majembe, kengele na minyororo myembamba ambayo mvumbuzi Mwingereza Harry Johnston, aliyefika mlimani mwaka 1884, aliistaajabia. Kufuli halimo miongoni mwa vitu walivyosifiwa navyo, na ni vigumu kuamini kwamba mikono iliyoweza kuunganisha pete ndogo kiasi hicho ilishindwa na ulimi wa kufuli. Sababu itafutwe katika nyumba. Katika msonge, nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, watu, ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa moja, na mifugo ililishwa humohumo kwa majani yaliyobebwa na wanawake kutoka nyanda za chini, hivyo nyumba haikukosa mtu. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba, kilipakana na vya ndugu kwa mstari wa masale, mmea ambao Wachagga huutumia pia kuomba msamaha, na aliyeiba aliogopa laana ya chungu kuliko chuma chochote. Dhidi ya maadui wa mbali yalichimbwa mahandaki, ambayo mantiki yake ni kinyume kabisa cha kufuli: kufuli humwonyesha kila mpita njia kwamba hapa pana mali, ilhali handaki huficha hata kuwapo kwake.

Misheni, reli iliyofika Moshi mwaka 1911, na kahawa ndivyo vilivyobadilisha mambo. Kanisa Katoliki lilikuja na sheria yake ya kufuli, kwa kuwa Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza Ekaristi itunzwe chini ya ufunguo, na Kanuni ya 938 ya mwaka 1983 bado inamtaka msimamizi wa kanisa autunze ufunguo wa tabernakulo kwa uangalifu mkubwa. Kahawa, iliyopata chama cha wakulima, KNPA, mwaka 1925, na kisha chama cha ushirika, KNCU, ilidai maghala na masanduku ya fedha, navyo ni vitu visivyolaliwa na ng'ombe wala bibi. Shule ikawachukua watoto mchana, kazi za mshahara zikawachukua wanaume mwaka mzima, na mlango ukahitaji kitu cha kusimama mahali pa mtu.

Leo nyumba nyingi za matofali huko Uru hukaa na kufuli hadi Desemba, wenyewe wakirudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kula Krismasi, huku ufunguo ukiwa kwa jirani au ndugu aliyebaki. Vitasa vikuukuu vya maghala, vya sakristia na vya nyumba za mababu havijapata bahati ya kutunzwa hivyo, kwani wanunuzi wa vyuma chakavu huvipima kwa kilo. Parokia na vyama vya msingi vya Uru vinaombwa kuviorodhesha, pamoja na funguo zake na majina ya milango vilikotoka, kabla havijafikishwa kwenye mizani.