Fedha za Serikali na Uhuru wa Vyuo Vidogo: Funzo Kutoka Marekani

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba kutegemea fedha za wengine ni kuhatarisha uhuru. Makada wengi hulichukua onyo hilo kuwa jambo la mataifa tu. Historia ya vyuo vidogo vya watu binafsi Marekani yaonyesha kwamba hata ndani ya taifa la kibepari, mwenye mfuko hutoa masharti.

Vingi vya vyuo hivyo huishi kwa karo, na sehemu kubwa ya karo hiyo hutokana na mikopo na ruzuku ambazo serikali ya shirikisho huwapa wanafunzi. Kwa hiyo serikali haina haja ya kukikamata chuo. Inatosha kumnyima mwanafunzi.

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Mwanafunzi aliyetaka mkopo alilazimika kuapa utii, na kutia sahihi hati ya kukana kwamba anaunga mkono chama chochote cha kuipindua serikali kwa nguvu. Mtoto wa tajiri hakuhitaji mkopo, basi hakuulizwa. Aliyepimwa fikra ni mtoto wa maskini. Vyuo vya Haverford, Swarthmore na Bryn Mawr huko Pennsylvania, vyenye asili ya dhehebu la Marafiki, vilikataa kushiriki. Harvard na Yale vilijitoa mwaka 1959. Mwaka 1962 hati hiyo ilifutwa.

Katika jimbo hilo hilo, chuo cha Grove City kilikataa mwaka 1976 kutia sahihi ahadi ya kutii sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi dhidi ya wanawake katika elimu. Hapakuwa na ushahidi kwamba chuo kilibagua. Kilidai tu kwamba hakipokei fedha za serikali. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ruzuku ya mwanafunzi ni msaada kwa chuo, lakini sheria itabana idara inayopokea fedha hizo tu. Hivyo kesi ya chuo kimoja ilipunguza kinga ya wanawake katika nchi nzima, hadi Bunge lilipoirejesha mwaka 1988 kwa kupuuza kura ya turufu ya Rais Reagan. Grove City kilijitoa katika ruzuku, na mwaka 1996 katika mikopo pia.

Je, kukataa huku kuwili ni kumoja? La. Kule vyuo vilimtetea kijana asiye na mali. Huku chuo kilijitetea chenyewe dhidi ya sheria ya wanyonge. Tena Grove City hakikusimama peke yake: kwa miaka mingi kiliungwa mkono na akina Pew, matajiri wa mafuta. Aliyemkwepa bwana mmoja alikuwa tayari na mwingine.

Kwa hiyo, kada asikiapo neno kujitegemea, asiishie kupiga makofi. Aulize: wanajitegemea kwa faida ya nani, na gharama anailipa nani?