Itifaki ya Montreal

Itifaki ya Montreal ni mapatano ya kimataifa ya kukomesha kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, yaani gesi iliyotanda takriban kilomita 15 hadi 35 juu ya ardhi na kuzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno itokayo kwenye jua. Ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987 mjini Montreal, Kanada, ikaanza kutumika Januari 1, 1989. Kufikia 2009 nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikuwa zimeiridhia. Wanaojadili maadili ya ushirikiano wa kimataifa hupenda kuitaja, na mara nyingi huisimulia kama kisa cha wanasayansi walioonya na viongozi waliosikia. Masimulizi hayo huruka ugomvi wa fedha, na bila ugomvi huo itifaki isingepata wanachama wengi kiasi hicho.

Upande wa sayansi unajulikana vizuri. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorofluorokaboni (CFC), gesi za kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, hupanda angani bila kuharibika hadi zinapovunjwa na mionzi ya jua, na klorini inayotoka humo huila ozoni. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wawili wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni juu ya Antaktika ilikuwa inapungua vibaya kila mwaka.

Mzozo ulizuka ilipofika zamu ya kuulizana nani aache nini. Sehemu kubwa mno ya CFC ilikuwa imetengenezwa na kutumiwa na nchi za viwanda. Hofu kuu iliyozisukuma nchi hizo, saratani ya ngozi, iliwahusu zaidi watu weupe. Juu ya Ikweta ozoni haikupungua kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Kisumu, ambaye huenda hakuwa na friji nyumbani, alikuwa akiombwa asaidie kuondoa balaa ambalo hakulileta na ambalo lingemdhuru kidogo kuliko wengine. Hata hivyo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini siku ya kwanza, pamoja na Misri, Ghana, Senegali na Togo.

Mostafa Tolba, mwanasayansi Mmisri aliyeliongoza shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) kutoka Nairobi, aliyasimamia mazungumzo kwa mkono mgumu. Nchi zinazoendelea ambazo matumizi yake hayakufika kilo 0.3 kwa kila mtu kwa mwaka zilipewa nyongeza ya miaka 10 ya kutekeleza. China na India hazikuridhika. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: aliyeharibu alipe, na teknolojia mbadala isiuzwe kwa bei ya kumkomoa mnunuzi. Zikakaa nje. Mkutano wa London wa 1990 ukaunda Mfuko wa Pande Nyingi, unaochangiwa na nchi tajiri ili kulipia gharama ya ziada ya kubadili viwanda na mafunzo ya mafundi. China ikajiunga 1991, India 1992.

Kamati inayousimamia mfuko huo ina wajumbe 7 wa nchi zinazoendelea na 7 wa nchi zilizoendelea. Katika taasisi nyingi za fedha za dunia anayetoa zaidi ndiye mwenye kura nyingi. Hapa anayepokea ameketi sawa na anayetoa. Ninaona kipengele hiki kina uzito kuliko fedha zenyewe, kwa sababu ndicho kinachotofautisha deni linalolipwa na sadaka inayotolewa.

Si kila kitu kilikuwa hiari. Itifaki inawakataza wanachama kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zilizobaki nje, na kwa nchi ndogo inayoagiza kila kopo la gesi kutoka ng'ambo, kukataa kujiunga kulikuwa sawa na kujifungia duka. Wakubwa nao walijitafutia upenyo: Marekani iliendelea kwa miaka mingi kuombea msamaha wakulima wake wa stroberi na nyanya watumie methili bromidi, dawa ya kufukizia udongo inayoharibu ozoni, baada ya mwisho uliopangwa wa 2005.

Gesi za HFC zilizochukua nafasi ya CFC haziharibu ozoni, lakini nyingi huongeza joto duniani mara nyingi kuliko kaboni dioksidi. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, Oktoba 15, 2016 yanazipunguza kwa awamu. Nchi tajiri zilianza 2019, nyingi za Afrika zilipangiwa kusimamisha ongezeko 2024, na kundi lenye India, Oman na nchi nyingine za Ghuba likapewa hadi 2028, sababu mojawapo ikiwa joto kali linalovitesa viyoyozi vya huko.

Utekelezaji humalizikia kwa fundi. Friji inapoletwa karakana na gesi yake ya zamani, njia ya haraka ni kukata bomba, gesi ikatoka kwa mlio na kupotelea hewani, kisha kujaza mpya. Njia inayotakiwa ni kuinyonya kwa mashine hadi kwenye silinda, lakini mashine ina bei yake na mteja halipii muda huo. Muda wa nyongeza nao ulikuwa na madhara yake, kwani friji na viyoyozi vilivyopigwa marufuku kuuzwa Ulaya vilimiminika Afrika kama mitumba. Ghana ilipitisha sheria ya kuzuia friji zilizotumika mwaka 2008. Nchi za Afrika zililipeleka suala hilo kwenye mkutano wa wanachama uliofanyika Nairobi mwaka 2023, zikitaka nchi inayosafirisha ibebe nayo wajibu, badala ya kazi yote kuachiwa afisa wa forodha wa bandari inayopokea.