Bomas: Ukumbi wa Ngoma na Kwaya Uliomezwa na Siasa

Bomas of Kenya ni kituo cha utamaduni kilichoko Lang'ata, takriban kilomita 10 kutoka katikati mwa jiji la Nairobi. Serikali iliunda kampuni ya kukisimamia mwaka 1971, chini ya Shirika la Maendeleo ya Utalii (KTDC), na milango ikafunguliwa kwa umma mwaka 1973. Kilipewa kazi mbili: kuwavutia watalii, na kuhifadhi nyimbo, ngoma na ujenzi wa jamii za Kenya. Kituo hicho kimerudi vinywani mwa watu tangu mwaka 2025, serikali ilipoanza kujenga hapo jumba kubwa la mikutano ya kimataifa. Wanaoutetea mradi wanataja fedha zitakazoletwa na makongamano. Wanaoupinga wanauliza ngoma itabaki na nafasi gani.

Swali hilo lina uzito wake Kibera na Kawangware. Mitaa hiyo miwili imejaa watu waliohamia jijini kutoka kila pembe ya nchi, na Bomas ilikuwa mojawapo ya mahali pachache palipo karibu nao ambapo familia zilienda siku kuu kusikiliza nyimbo za kwao zikiimbwa jukwaani.

Uimbaji wa jukwaani ulianza Nairobi muda mrefu kabla ya Bomas. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza miaka ya 1920 likiwa la walowezi, kisha likafunguka hatua kwa hatua kwa shule na kwaya za Waafrika. Makanisa nayo yalifundisha uimbaji wa sauti nne. Uhuru ulipokaribia, wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, walipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Wakachukua lahani ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa katika uwanja ulio kando ya Barabara ya Lang'ata, ambao sasa huitwa Uhuru Gardens. Wachezaji ngoma kutoka pembe zote za nchi walitumbuiza usiku huo. Bomas ilikuja kulipa tamasha la namna hiyo makao ya kudumu.

Wazo la kuvikusanya vijiji vya taifa zima katika uwanja mmoja lilikuwa limejaribiwa kwingine. Sweden ilifungua Skansen jijini Stockholm mwaka 1891. Tanzania ilijenga Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Indonesia ingefuata baada ya Kenya, mwaka 1975, kwa kufungua Taman Mini jijini Jakarta. Kenya ilitenga eneo la Lang'ata na kujenga maboma ya jamii mbalimbali, yakiwemo ya Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakalenjin, Wamaasai, Wamijikenda, Wataita na Wakisii. Kila boma lilifuata mpangilio wa kimila: nyumba ya baba, nyumba za wake kwa kufuata daraja zao, ghala la nafaka na zizi la ng'ombe. Mji haukupewa boma. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mabati ya kupangisha alipelekwa Bomas kuonyeshwa makao ya babu yake.

Katikati ya maboma likasimama jumba la mviringo lenye viti takriban 3,500, vilivyopangwa kwa ngazi kuuzunguka uwanja wa kuchezea. Umbo hilo lilifaa ngoma za Kiafrika, ambazo tangu jadi hutazamwa kutoka pande zote. Mwaka huohuo wa 1973 jumba la mikutano la KICC lilikamilika katikati mwa jiji, tayari kwa mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa imegawa kazi waziwazi: mikutano iende KICC, nyimbo na ngoma ziende Lang'ata.

Kundi la kituo, Bomas Harambee Dancers, lilikusanya waimbaji, wachezaji na wapigaji ala wa makabila tofauti, na wote wakafundishwa nyimbo za wote. Ndivyo msichana wa Kikamba alivyoweza kuonekana akicheza ngoma ya Waluo, na kijana wa Kikisii akipiga isukuti ya Waisukha na Waidakho. Onyesho lilipita kutoka sengenya ya pwani hadi kilumi ya Ukambani, nyatiti na orutu za Nyanza na nyimbo za Wamaasai zinazoimbwa bila ala, huku sarakasi zikiwasimamisha watoto juu ya viti. Kwa miaka mingi saa hazikubadilika: siku za kazi onyesho lilianza saa nane u nusu mchana, na Jumamosi, Jumapili na siku kuu saa tisa u nusu alasiri hadi saa kumi na moja na robo.

Mwanaanthropolojia Edward Bruner wa Marekani, katika makala iliyochapishwa mwaka 2001, alikitazama kituo hiki kwa makini kuliko waandishi wengi wa nyumbani. Aliikuta Bomas ikihudumia hasa Wakenya wa mjini: familia zilizokuja mwishoni mwa wiki na wanafunzi walioletwa kwa mabasi ya shule. Aliilinganisha na Mayers Ranch katika Bonde la Ufa, ambako familia ya Kiingereza iliwaonyesha watalii ngoma za Wamaasai kisha ikawanywesha chai nyasini, hadi serikali ilipoifunga kwa sababu ilinuka ukoloni. Kwa maoni yake, Bomas ilikuwa ikisimulia hadithi ya taifa: makabila yote yapo na yana hadhi sawa, na ngoma ya mmoja ni mali ya wote. Alitambua pia gharama ya hadithi hiyo. Ngoma iliyotolewa katika jando, mavuno au matanga hupoteza kazi yake ya awali inapokuwa kipindi cha dakika chache jukwaani.

Gharama hiyo wakazi wa Kawangware wanaielewa bila kusomewa. Waluhya ni wengi mtaani humo, na isukuti hupigwa katika arusi na shughuli nyingine za jamii. UNESCO iliiingiza ngoma hiyo mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kibera nako Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, bado hucheza doluka katika arusi zao. Kwa watu kama hao, thamani ya Bomas ilikuwa kuziona ngoma zao zikiheshimiwa kwa taa, jukwaa na tiketi.

Safari ya siku kuu ilihitaji mpango. Kila Desemba nauli za mabasi ya kwenda mashambani hupanda, na familia nyingi za mitaa ya mapato ya chini hubaki jijini. Waliobaki walichagua kati ya ibada, bustani za jiji, hifadhi ya wanyama na Bomas. Kutoka Kawangware, msafiri alipanda matatu ya 46 hadi mjini, kisha ya 125 au 126 za Ongata Rongai, ambazo hupita karibu na Bomas. Wa Kibera alikuwa na njia fupi zaidi: akifika Barabara ya Lang'ata, matatu hizohizo au ya 24 ya Karen zilimfikisha karibu. Wazoefu walifika mapema, kwa maana maboma yalitembelewa kabla ya onyesho, na mchana wa Krismasi viti vya chini karibu na wachezaji ndivyo vilivyojaa kwanza. Ukiongeza nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, na soda za watoto, hesabu ya baba au mama wa kibarua ilianza wiki kadhaa kabla.

Baada ya Daniel arap Moi kushika urais mwaka 1978, uimbaji wa umma uliegemea zaidi kwaya. Sherehe za kitaifa zilihamia viwanja vipya vya Nyayo na Kasarani, na kwaya za walimu, watumishi wa umma na wanajeshi zikaunganishwa kumsifu kiongozi na taifa. Thomas Wasonga alitunga Tawala Kenya, wimbo uliokuja kuwa alama ya enzi hiyo. Tume iliyoongozwa na Washington Omondi ilichunguza hali ya muziki nchini kuanzia mwaka 1982, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Boniface Mganga aliifikisha Muungano National Choir hadi ng'ambo, kwaya hiyo iliporekodi Missa Luba, misa iliyozaliwa Kongo. Sifa za wanasiasa zilichosha masikio ya wengi, lakini miaka hiyo ililea kizazi cha waimbaji wanaosoma noti na kujua nidhamu ya jukwaa.

Siasa iliingia Bomas kwa kishindo Aprili 28, 2003, Kongamano la Kitaifa la Katiba lilipofunguliwa humo chini ya Profesa Yash Pal Ghai, likiwa na wajumbe 629. Kwa karibu mwaka mzima jumba lililojengwa kwa ngoma likawa bunge la pili la nchi. Septemba 2003 Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Machi 2004 mawaziri wakaondoka ukumbini kwa hasira juu ya mamlaka ya rais na waziri mkuu, na waliobaki wakaipitisha Rasimu ya Bomas. Serikali iliibadilisha rasimu hiyo na kuipeleka kwenye kura ya maamuzi Novemba 21, 2005, ikashindwa na kambi ya chungwa iliyoipinga. Tangu hapo, Mkenya akisikia Bomas hufikiria katiba na kura kwanza, ngoma baadaye.

Matokeo ya urais ya mwaka 2013, 2017 na 2022 yote yalitangazwa humo. Tangazo la mwisho ndilo lililoacha kumbukumbu kali zaidi, na la ajabu ni kwamba kwaya ilikuwa katikati yake. Jumatatu, Agosti 15, 2022, wageni waliambiwa tangazo lingekuwa saa tisa alasiri. Saa tisa ikapita. Mgombea William Ruto alikuwa ameshafika na wenzake. Mpinzani wake, Raila Odinga, hakutokea. Kuujaza muda huo, waimbaji walipanda jukwaani, na kwaya ya Redfourth Chorus ikaimba mbele ya mabalozi, maafisa wa uchaguzi na nchi nzima iliyokuwa mbele ya runinga. Kwa muda mrefu taifa lilikuwa na mambo mawili tu ya kutazama: viti vitupu vya tume ya uchaguzi na kwaya iliyovaa nadhifu. Mitandaoni watu walianza kuwasifu waimbaji kwa kuwapoza roho.

Kisha utulivu ukavunjika. Wakala mkuu wa Raila, Saitabao Kanchory, alidai hawakuonyeshwa matokeo ya mwisho. Makamishna wanne wa tume wakiongozwa na Juliana Cherera waliwaita wanahabari katika hoteli ya Serena na kuyakana matokeo kwa madai kwamba hatua ya mwisho ya kujumlisha kura haikuwa wazi. Ndani ya Bomas viongozi wa upande wa Raila walivamia jukwaa, viti vikarushwa, na mabalozi wakaondolewa haraka. Baada ya polisi kurejesha utulivu, mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alisema kamishna Abdi Guliye na mkurugenzi mkuu Hussein Marjan walikuwa wamejeruhiwa, kisha akamtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Jioni hiyo vijana wa Kibera, eneo ambalo Raila aliliwakilisha bungeni tangu 1992 hadi 2013, walichoma matairi barabarani. Septemba 5 Mahakama ya Juu iliidhinisha matokeo.

Redfourth ilitoka Bomas na jina kubwa kuliko ililoingia nalo. Kundi la nyumbani, Harambee Dancers, halikupata faida ya namna hiyo, ingawa jumba lilikuwa lake. Tukio hilo linaonyesha jinsi serikali zilizofuatana zilivyokuja kuutazama uimbaji: kitu cha kujazia pengo mpaka wakubwa wawe tayari.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia upande wa sanaa. Zogo lilihusu ardhi, umiliki na gharama. Mwaka 2025 Rais Ruto alizindua ujenzi wa jumba la kimataifa la mikutano, kazi ikapewa kampuni ya Summa ya Uturuki. Nairobi inahitaji kumbi, na hakuna anayekana kwamba majengo ya Bomas yalikuwa yamechakaa kwa kukosa matunzo. Lakini KICC ilishajengwa kwa mikutano, na jiji halina mahali pengine palipojengwa na umma mahsusi ili Mkenya wa kipato kidogo aketi na watoto wake siku ya Krismasi na kuona ngoma za makabila yote kwa tiketi moja. Bei za ukumbi wa makongamano hupangwa kwa kuangalia mifuko ya wajumbe.

Kazi ya Bomas haijaandikwa upya mioyoni mwa watazamaji wake. Wanachodai ni vitu vinavyopimika: onyesho la kudumu lenye saa zinazojulikana, kiingilio ambacho familia ya Kawangware yaweza kukimudu siku kuu, nafasi jukwaani kwa kwaya za mitaa, ajira ya kudumu kwa waimbaji na wachezaji, na maboma yanayoezekwa upya nyasi zinapooza. Mambo hayo yakiwemo katika mipango ya jumba jipya, lengo la mwaka 1971 litakuwa limeheshimiwa. Yasipokuwemo, Nairobi itakuwa imejenga ukumbi wa pili wa mikutano kwa gharama ya ukumbi wake wa ngoma.