Kazi Iko Sawa, Lakini Eti Hujipodoi

Rafiki yangu mmoja yuko kampuni ya ushauri hapa Nairobi. Wiki jana akaitwa kwa ile tathmini ya kila mwaka. Kazi safi, wateja wanamsifu, lakini cheo hakuna. Eti ni mkali sana, alegeze kidogo. Wenzake wa kiume wakiwa wakali wanaitwa viongozi. Nikamwambia tulia, nikupe stori ya Ann Hopkins.

Washington, 1982. Ann ni mshauri Price Waterhouse, ile iliyokuja kuungana na Coopers & Lybrand mwaka wa 1998 ikawa PwC. Ameisaidia kampuni kupata kandarasi ya karibu dola milioni 25 kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mwaka huo watu 88 wakapendekezwa kuwa wabia, yaani uache kuwa mwajiriwa uwe mmoja wa wenye kampuni. Mwanamke ni yeye peke yake. Wabia waliokuwepo tayari ni 662. Wanawake kati yao? Saba.

47 wakapita, 21 wakakataliwa, na 20 wakaambiwa wangoje, Ann akiwa mmoja wao.

Sasa sikia vile waliamua. Wabia wanaokujua wanaandika maoni yao kukuhusu. Kwa maoni ya Ann, mmoja aliandika eti ana mambo ya kiume. Mwingine akasema apelekwe akafunzwe adabu za kike. Halafu mdosi aliyekuwa anamuunga mkono akampa ushauri wa kujiokoa: atembee kike, aongee kike, avae kike, ajipodoe, atengeneze nywele, avae vito. Na huyo ni wa upande wake, jameni!

Tuseme ukweli pia. Ann alikuwa mkali kwa waliokuwa chini yake, hata waliomtetea walikubali. Mimi singetaka awe mdosi wangu. Jaji Gerhard Gesell mwenyewe alisema malalamiko hayo hayakuwa ya kutunga. Shida ni kwamba yalichanganyika na fikra za vile mwanamke anafaa kuwa, na ndani ya file moja huwezi kujua ni gani ilimnyima cheo.

Ofisi yake ikakataa kumpendekeza tena. Akatoka Januari 1984, akaenda kortini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Mei 1989 ikaamua hivi: ikionyeshwa kwamba jinsia ilichangia uamuzi, mzigo ni wa kampuni kuthibitisha ingeamua vilevile hata bila hiyo. Jaji William Brennan aliona mtego wenyewe: kazi inadai ukali, halafu mwanamke akiwa mkali anaadhibiwa.

Mwaka wa 1990 Gesell akaamuru afanywe mbia. 1991 akarudi, akakaa na wabia wa kampuni iliyomkataa hadi akastaafu 2002. Mimi nisingeweza, hiyo roho sina.

Lakini kitu kinanikwama ni yale maoni. Ann alikuwa na ushahidi kwa sababu wale wazee waliandika upuzi wao kwa karatasi. Nikamuuliza rafiki yangu kama hiyo ya kulegeza iko kwa tathmini yake. Akafungua simu, akasoma yote. Hakuna. Aliambiwa kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa.