Nyota ya Jaa: kwa nini Muscat ipo na Lamu haipo?

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Alizoea kutuambia kwamba iko nyota moja, Jaa, ambayo haichomozi wala haitui. Sisi watoto tukapanda juu ya paa pale Lamu, usiku baada ya usiku, tukiitafuta. Hatukuiona. Kaka zangu wakaamua mzee anatupiga porojo, na mimi, nakiri, nilicheka nao.

Juzi mpwa wangu anayefanya kazi Muscat akanitumia ujumbe: "Mjomba, Jaa naiona kila usiku mawingu yakiondoka. Mbona huko kwetu hakuna?"

Jawabu ni kwamba dunia ni tufe. Jaa, ambayo wanajimu wa leo huiita Polaris, iko karibu kabisa juu ya Ncha ya Kaskazini. Kimo chake juu ya upeo wa macho hulingana takriban na umbali wako kaskazini mwa ikweta. Lamu iko nyuzi 2 kusini ya ikweta, kwa hiyo Jaa imejificha chini ya upeo. Jahazi likienda na kusi, likishapita Kismayu, nyota hiyo huanza kupanda. Ngumi yako, mkono ukiunyoosha, ni kama nyuzi 10: Socotra utaipata Jaa kwenye ngumi moja na kidole, Muscat ngumi mbili na zaidi. Manahodha walipima hivyo kwa vidole, au kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo. Ahmad ibn Majid aliyaandika mambo haya katika karne ya 15.

Tusijihurumie lakini. Aliye London haoni kamwe Msalaba wa Kusini. Sisi, mwezi wa Mei kwenye saa tatu usiku, tunauona upande wa kusini na Dubu Mkubwa upande wa kaskazini kwa wakati mmoja. Si wote duniani wana bahati hiyo.

Majira nayo ni habari nyingine. Dunia inalizunguka jua, na nyota zilizo upande wa jua humezwa na mwanga wa mchana. Kila siku nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana, yaani saa mbili kila mwezi. Ndiyo maana Kilimia, kilichopewa jina kwa ajili ya kulima, huchomoza magharibi ya jua mwezi wa Novemba na kukesha nasi. Aprili, baada ya jua kutua, kiko chini upande wa machweo. Mei hakionekani, na masika yamekwisha shika. Juni hurudi alfajiri, mashariki.

Nilimwambia mpwa wangu anyooshe mkono apime. Akajibu: ngumi mbili na vidole viwili. Ujumbe huo nimewapelekea kaka zangu. Hadi sasa amejibu mmoja tu.