Msumbiji: Vinasaba na hatima ya nguva wa Bazaruto

Visiwa vya Bazaruto, kusini mwa pwani ya Msumbiji, ni makao ya kundi kubwa zaidi la nguva lililosalia katika ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Mwezi Desemba 2022, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, uliwaorodhesha nguva wa pwani ya Afrika Mashariki miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, ukikadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250.

Nguva ni mnyama anyonyeshaye ambaye hula nyasi za baharini. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na huweza kukaa kati ya miaka mitatu na saba kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo, hata wachache wakinaswa kila mwaka katika majarife, kundi zima hupungua.

Vinasaba hueleza nini?

Kuhesabu nguva kwa ndege huonyesha idadi yao, lakini hakuonyeshi nasaba yao. Je, nguva wa Bazaruto huzaliana na wale wachache wa Rufiji, Mafia na Kilwa nchini Tanzania, au wa Madagascar na Komoro? Jibu lina uzito. Ikiwa huchanganyika, eneo lililopungukiwa laweza kujazwa na wageni. Ikiwa wametengana, kundi likiisha limekwisha, na kila nchi haina budi kulinda lililo lake.

Hapo ndipo vinasaba husaidia. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama, hivyo huonyesha koo za kike na mahali zilipoenea. Kwa kuwa nguva hai ni adimu, watafiti wamegeukia mifupa na meno ya zamani yaliyohifadhiwa katika makumbusho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la PLoS ONE ulitumia sampuli za aina hiyo kubainisha makundi ya Bahari ya Hindi yaliyo hatarini.

Kipande kidogo cha ngozi ya mnyama hai au cha mzoga uliokokotwa na mawimbi hadi ufukweni huweza pia kuonyesha jinsia, undugu na kiwango cha kuzaliana kwa ndugu wa karibu. Njia hiyo hiyo hutambua nyama ya nguva inayouzwa kwa jina jingine.

Funzo kutoka Mexico

Katika Ghuba ya California, vaquita, mnyama wa jamii iliyo karibu na pomboo, wamebaki takriban 10 tu. Mwaka 2022, watafiti waliochunguza jenomu za vaquita 20 walieleza katika jarida la Science kwamba uchache huo haujawahukumu kutoweka. Vifo vya nyavuni vikikoma kabisa, uwezekano wa kutoweka ulikadiriwa kuwa asilimia 6 pekee. Vikiendelea, hatari hupanda sana.

Bazaruto ni hifadhi ya taifa tangu 1971, na tangu 2017 husimamiwa na shirika la African Parks kwa ushirikiano na serikali ya Msumbiji. Vinasaba vitaonyesha ni kundi lipi lisilo na mbadala. Kuondoa nyavu katika malisho yake kunabaki kuwa kazi ya serikali na wavuvi wenyewe.