Kimeng'enya cha Maziwa
Kimeng'enya, jina litokanalo na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula, ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Kimeng'enya cha laktesi, ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya 2, hujishikiza kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba na kuikata laktosi, sukari ya maziwa, iwe glukosi na galaktosi. Kwa watu wengi utendaji wa jeni hiyo hufifia baada ya utoto, hivyo ni dhuluma kumwita mgonjwa mtu mzima wa Migori au Homa Bay anayejaa gesi kwa bilauri ya maziwa matamu, ilhali maziwa lala, ambayo bakteria wamekwisha kuipunguza laktosi yake, hayamsumbui sana. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walibainisha badiliko la herufi moja ya DNA, lililoenea miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, linaloiacha laktesi ikitengenezwa hata ukubwani.